Nafasi nne za kuingilia maabara ya biolojia ya molekuli na seli: ulinganisho kwa mhitimu anayechagua

Mhitimu wa biolojia ya molekuli, bioteknolojia au sayansi ya maabara anayetafuta kazi ya utafiti katika Afrika Mashariki hukutana na matangazo ya aina nne ambayo kwa juu juu yanafanana. La kwanza linatafuta mtafiti msaidizi au mtaalamu wa maabara katika chuo kikuu cha hapa nyumbani. La pili linatoa nafasi ya uzamivu ndani ya mradi wenye makao yake Morogoro, Kampala au Nairobi. La tatu ni la profesa wa Ujerumani, Uholanzi au Sweden anayeajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa mshahara. La nne ni la programu ya uzamivu ya Marekani inayolipia ada na kutoa posho ya kujikimu. Yote manne yanataja PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), ukuzaji wa seli na uchambuzi wa data, na yote manne yanataka wasifu, barua ya maombi na wadhamini wawili au watatu. Tofauti zake kubwa hazimo kwenye orodha ya sifa za mwombaji, bali kwenye mambo ambayo tangazo huyagusa kwa nusu sentensi au haliyataji kabisa, na ndiyo makala haya yanayoyafuatilia.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza, ambacho nakipa uzito kuliko vingine vyote, ni chanzo cha fedha na tarehe ambayo fedha hizo zitakwisha. Maabara ya aina hii hula fedha kila siku: vimeng'enya, vitendanishi, ncha za pipeti, lishe ya seli, gesi, gharama za kusoma mfuatano wa DNA. Ruzuku inapokauka, tatizo haliishii kwenye mshahara. Kazi yenyewe husimama, na anayeumia zaidi ni yule ambaye jaribio lake limefika katikati. Kwa hiyo nani analipa, analipia nini na hadi lini ni maswali ya kitaaluma sawa na yalivyo maswali ya mfukoni.

Kigezo cha pili ni siku ya kazi inavyokwenda, hasa kama majaribio unayoyafanya yanajibu swali lako mwenyewe au la mtu mwingine. Cha tatu ni msimamizi: nani hasa atakufundisha, na una njia gani iwapo uhusiano wenu utaharibika. Cha nne ni kile utakachotoka nacho, yaani shahada, makala zenye jina lako, ujuzi wa mikono na barua ya mapendekezo yenye uzito. Cha tano kinajumuisha masharti ya kuingia pamoja na maisha ya nje ya maabara, kuanzia vyeti na usajili hadi viza, mwenza, watoto na deni la mkopo wa elimu ya juu.

Mtafiti msaidizi au mtaalamu wa maabara nyumbani

Nafasi hii ina milango miwili, na anayeiomba anapaswa kujua anabisha hodi kwenye upi. Mlango wa kwanza ni ajira ya chuo cha umma, ambayo kwa Tanzania hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hutumwa kwenye mfumo wake wa mtandaoni, usaili huanza na mchujo, na anayepita huingia kwenye ngazi za mishahara ya serikali pamoja na mafao ya uzeeni. Mlango wa pili ni mkataba wa mradi, ambao mtafiti mkuu huulipia kwa ruzuku aliyoipata. Mara nyingi ni wa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa, na mshahara wake huweza kuuzidi ule wa serikali kwa kiasi cha kuvutia. Tofauti kati ya milango hiyo huonekana siku mfadhili anapojitoa. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya na utafiti iliyoitegemea katika nchi zetu ilisimama ndani ya siku chache, na watu wa mikataba ya mradi walijikuta hawana kazi bila kosa lolote lao, ilhali aliyeajiriwa na chuo alikuwa na mwajiri asiyetegemea fedha zile.

Siku ya kazi ni ya mikono zaidi kuliko nafasi nyingine zote. Mtafiti msaidizi hupokea sampuli na kuzisajili, hutenga DNA au RNA, huandaa PCR, huendesha jeli, husoma na kuandika halijoto ya mafriza asubuhi na jioni, na huhesabu vitendanishi vilivyobaki ili agizo litoke mapema, kwa kuwa kimeng'enya kinachotakiwa kufika kikiwa kwenye barafu kavu kinaweza kuharibika kikisubiri kutolewa uwanja wa ndege. Katika maabara inayokuza seli, chombo kilichomo ndani ya inkubeta ya nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5 kinahitaji kubadilishiwa lishe, na seli zake kugawanywa kabla hazijajaza sakafu yote ya chombo, iwe ni Jumamosi au siku ya Idi. Mtu huyo hujifunza kutambua kwa jicho seli zilizochoka. Hujifunza pia kutoliamini jicho lake pekee, kwa sababu maambukizi ya mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaoishi kwenye seli, hayaonekani kwa hadubini ya kawaida na hugunduliwa kwa kipimo maalumu kinachopaswa kurudiwa mara kwa mara. Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, ndiye atakayepigiwa simu kwanza kuhusu friza ya nyuzi -80. Ujuzi wa namna hii hauonekani vizuri kwenye wasifu, lakini kila mtafiti mkuu anayeajiri anaujua thamani yake.

Kuhusu msimamizi, mwalimu wako halisi mara nyingi hatakuwa profesa aliyetia sahihi mkataba, bali mtaalamu mwandamizi aliyekaa maabara hiyo miaka mingi. Uliza kuhusu mtu huyo kabla ya kukubali, kwa sababu maabara yenye mtaalamu mzuri wa kudumu hufundisha kuliko yenye mashine mpya zisizo na mwenyewe.

Unatoka na ujuzi, barua ya mtu aliyeiona mikono yako ikifanya kazi, na pengine jina kwenye makala. Hilo la mwisho halina uhakika. Katika maabara nyingine mtafiti msaidizi aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio huwekwa miongoni mwa waandishi, na katika nyingine huishia kwenye shukrani, kwa hiyo suala hilo linapaswa kuzungumzwa kabla majaribio hayajaanza. Shahada hupati, ingawa miradi mingine hulipia uzamili wa wafanyakazi wake.

Masharti ya kuingia yana kipengele kinachowakwamisha wengi. Maabara inayotoa majibu ya vipimo kwa wagonjwa, hata kama iko ndani ya chuo, huhitaji mtu aliyesajiliwa na mamlaka ya fani: Tanzania ni Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na Kenya ni bodi inayosajili mafundi na wanateknolojia wa maabara za tiba. Shahada ya biolojia ya molekuli peke yake haikupi usajili huo, kwa hiyo kama tangazo linautaja, usipoteze wiki ukitumaini watalifumbia macho. Aliyesoma kwa mkopo Tanzania akumbuke pia kwamba Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara.

Nafasi hii inamfaa aliyemaliza shahada ya kwanza bila kupata muda wa kutosha wa vitendo, anayetaka kujua kama anaipenda kazi yenyewe kabla ya kujifunga miaka minne au mitano, na pia yule ambaye majukumu ya nyumbani hayamruhusu kuondoka. Wako pia wanaoichagua iwe taaluma ya maisha, na ni chaguo la heshima kamili, kwa kuwa hakuna maabara inayosimama kwa wanafunzi wanaopita tu.

Uzamivu ndani ya mradi wa hapa

Taasisi zenye uwezo wa kulea mwanafunzi wa uzamivu katika fani hii ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro kina kituo cha SACIDS kinachoshughulikia magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama. Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. JKUAT, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia huko Juja, Kenya, ni mwenyeji wa taasisi ya Pan African University, chuo kikuu cha Umoja wa Afrika, yenye programu ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia. Nairobi kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo. Na Kilifi kuna programu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, iliyoanza mwaka 1989 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford. Baadhi ya hizi si vyuo, hivyo mwanafunzi hufanya kazi huko huku akisajiliwa katika chuo kinachotoa shahada.

Kwa upande wa fedha, tangazo likisema nafasi imefadhiliwa, tenganisha mafungu matatu: ada, posho ya kujikimu na gharama za utafiti. Ufadhili unaolipa ada na posho bila fungu la utafiti huonekana mzuri hadi mwaka wa pili, mwanafunzi anapogundua kwamba gharama za kusoma mfuatano wa DNA wa sampuli zake hazimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kuna pia mpango wa kwenda na kurudi, ambapo mwanafunzi anakaa nyumbani sehemu kubwa ya mwaka na kwenda Sweden, Ubelgiji au Uholanzi kwa miezi kadhaa kufanya sehemu inayohitaji vifaa vya huko. Kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa mipango bora kwa mtu mwenye familia, mradi pande zote mbili ziandike nani analipia nini anapokuwa wapi.

Siku ya kazi hugawanyika kati ya uwanda na maabara, na tangu mwanzo majaribio yanajibu swali lako. Hapa ndipo nafasi za nyumbani zina nguvu ambayo Ulaya haiwezi kuinunua. Badiliko la jeni ya kelch13 liitwalo R561H, linalohusishwa na vimelea vya malaria kuchelewa kuondoka mwilini baada ya dawa ya artemisinini, liliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye likathibitishwa mkoani Kagera, na anayetaka kulifuatilia yuko karibu zaidi na swali lake akiwa Bukoba kuliko akiwa popote pengine. Hali ni hiyo hiyo kwa virusi vya michirizi ya kahawia vinavyoozesha mihogo na kwa homa ya nguruwe ya Afrika. Gharama ya ukaribu huo ni muda: vibali vya maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu Tanzania, kibali cha utafiti cha tume ya sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, na makubaliano ya kusafirisha sampuli pale zinapohitajika kwenda nje, vyote hivi huweza kula miezi ambayo ratiba ya pendekezo haikuihesabu.

Kwa kawaida wasimamizi huwa wawili au zaidi. Wakielewana, mwanafunzi hunufaika na macho manne, na wasipoelewana yeye ndiye anayebeba barua kati yao. Wasimamizi wa vyuo vyetu pia hubeba mzigo mkubwa wa kufundisha na utawala, na rasimu ya sura inaweza kukaa mezani muhula mzima. Waulize waliomaliza hivi karibuni walitumia miaka mingapi. Jibu lao lina thamani kuliko kijitabu cha chuo.

Unatoka na shahada inayotambulika, mtandao wa watu utakaofanya nao kazi miaka inayofuata, na njia iliyo wazi ya kuingia ualimu wa chuo kikuu. Matangazo ya vyuo vya umma Tanzania kwa nafasi za mwanzo za uhadhiri huzingatia sana wastani wa ufaulu, kwa kawaida usiopungua 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na aliyekwisha kuajiriwa kwa njia hiyo husoma uzamivu akiwa na ajira yake, faida ambayo nafasi nyingine tatu hazina. Nafasi hii inamfaa mwenye uzamili tayari, mwenye swali linalohusu magonjwa, mazao au mifugo ya hapa, na anayekusudia kujenga maabara yake nyumbani.

Uzamivu wa mshahara Ulaya

Hapa tangazo linahitaji kusomwa neno kwa neno. Chukua tangazo la kawaida la Ujerumani linalosema nafasi ni ya miaka mitatu, daraja E13 la mkataba wa mishahara uitwao TV-L, asilimia 65. Maana yake ni kwamba unalipwa asilimia 65 ya mshahara kamili wa daraja hilo, na kwa maandishi unawajibika kwa karibu theluthi mbili ya saa za wiki, ilhali maabara nyingi hutarajia uwepo wako wa siku nzima kwa hoja kwamba muda uliobaki ni wa tasnifu yako. Kwa viwango vya mwaka 2025 asilimia hiyo hutoa karibu euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, kisha hukatwa kodi, bima ya afya, pensheni na bima ya kukosa kazi. Mshahara haujadiliwi kwa sababu umewekwa kwenye jedwali la wazi, na mgeni hupata sawa na mwenyeji. Kinachoweza kuulizwa ni asilimia yenyewe, kwani maabara mbili za jengo moja zinaweza kutofautiana, moja ikitoa 50 na nyingine 67, na vilevile uwezekano wa kuongezewa muda miaka mitatu ikiisha na makala haijatoka. Hali hiyo ya pili ni ya kawaida sana katika biolojia ya seli, ambako kutengeneza ukoo mmoja wa seli zilizohaririwa jeni na kuuthibitisha kunaweza kuchukua sehemu kubwa ya mwaka. Kodi ya chumba nayo haifanani: mshahara unaotosha Halle au Jena hubana München.

Uholanzi mkataba ni wa miaka minne kwa saa zote, mwaka wa kwanza ukifuatiwa na tathmini inayofungua miaka iliyobaki. Mshahara wa kuanzia ulikuwa karibu euro 2,900 kabla ya makato mwaka 2024. Sweden nafasi ya uzamivu ni ajira yenye miaka minne ya masomo na utafiti, haina ada, na ufundishaji unaoweza kufika asilimia 20 huongeza muda hadi miaka mitano. Mwanafunzi huko ana haki za mwajiriwa, ikiwemo likizo ya uzazi, jambo ambalo wanawake wanaopanga familia wanapaswa kulipa uzito kuliko umaarufu wa chuo.

Siku ya kazi ina utulivu ambao mtu aliyetoka kwenye maabara ya kusubiri vitendanishi huushangaa: kilichoagizwa Jumatatu mara nyingi kiko mezani kabla ya wiki kuisha, na hadubini zina wataalamu wake. Swali la utafiti, hata hivyo, mara nyingi limeshaandikwa kwenye ruzuku ya profesa kabla wewe hujafika. Unaajiriwa kulijibu, na nafasi ya kuligeuza huja polepole.

Kigezo cha msimamizi ndicho kinachoamua raha au mateso ya njia hii. Anayeajiriwa moja kwa moja na profesa amefunga mshahara, shahada na kibali cha kuishi kwa mtu mmoja, na mambo yakiharibika vyote vitatu hutikisika kwa pamoja. Ndiyo maana napendekeza kutazama pia shule za uzamivu zenye usaili wa pamoja, kama zile za Max Planck zilizoanza mwaka 2000 au programu ya EMBL, maabara ya biolojia ya molekuli ya nchi za Ulaya yenye makao makuu Heidelberg, ambako kuna kamati ya kumfuatilia mwanafunzi na uwezekano wa kusikilizwa na mtu asiye bosi wako. Kwa yeyote anayekuajiri moja kwa moja, fungua PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba na biolojia, tafuta makala zake za miaka minane iliyopita na uandike majina ya waandishi wa kwanza. Kisha tafuta kila mmoja alikwenda wapi. Maabara ambayo wanafunzi wake walimaliza na makala ya mwandishi wa kwanza na kuendelea na kazi nzuri inajieleza, na ile yenye majina yaliyotokea mara moja kwenye ukurasa wa kundi bila makala yoyote inajieleza pia. Waandikie wawili kati yao. Wengi hujibu kwa ukweli.

Masharti ya kuingia kwa kawaida ni uzamili uliokamilika, wenye tasnifu ya vitendo. Kiingereza hutosha ndani ya maabara, ingawa ofisi ya uhamiaji na mwenye nyumba huenda wasikitumie. Mkataba wa kazi ndio unaothibitisha kipato chako kwa ajili ya viza, na nchini Ujerumani na Sweden mwenza anayekufuata huruhusiwa kufanya kazi. Ukiona nafasi ya mtandao wa Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya ambao nafasi zake hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS, fahamu kwamba uraia wowote unakubalika, ila usiwe umeishi au kufanya kazi kuu katika nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwa mwombaji anayeomba akiwa Mombasa au Mwanza sharti hilo ni faida. Kwa nafasi zote hizi, maabara ya kweli haikutozi fedha ili ikuajiri. Anayekudai ada ya kushughulikia mkataba ni tapeli.

Njia hii inamfaa mwenye uzamili na uzoefu wa mikono, anayejua aina ya swali analotaka kulifanyia kazi, anayetaka kumaliza ndani ya muda unaotabirika na anayehitaji haki za mwajiriwa kwa ajili yake na familia yake.

Programu ya uzamivu Marekani

Hapa huombi kazi kwa profesa mmoja, unaomba kupokewa na programu. Madirisha mengi ya maombi hufungwa kati ya Desemba mosi na katikati ya mwezi huo, ada ya maombi inaweza kuombewa msamaha, na mwenye shahada ya kwanza peke yake anakubalika, jambo linalowaokoa wale ambao uzamili wa nyumbani ungewagharimu miaka miwili na fedha wasizokuwa nazo.

Mwaka wa kwanza una masomo pamoja na mzunguko wa maabara, kwa kawaida tatu, ambapo mwanafunzi hufanya kazi wiki kadhaa katika kila moja kabla ya kuchagua atakapobaki. Kwa kigezo cha msimamizi hakuna nafasi kati ya hizi nne inayomlinda mwanafunzi vizuri zaidi, kwa sababu unamwona profesa akiwa na haraka, akiwa na hasira na akisoma data mbaya kabla hujajifunga kwake. Baada ya hapo hufuata mtihani wa kukubaliwa kuwa mtahiniwa, halafu utafiti, na jumla ya miaka huwa mitano au sita.

Ada hulipwa na programu au ruzuku, na juu yake kuna posho. Kiwango cha taifa cha NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, kwa wanafunzi wa uzamivu kilikuwa dola 28,224 kwa mwaka 2024, na vyuo vingi hulipa zaidi ya hapo, lakini Boston au San Francisco posho hiyo huishia kwenye pango. Uhakika wa fedha hizi umepungua: mwaka 2025, ruzuku za shirikisho zilipoyumba, baadhi ya programu za biolojia zilipunguza idadi ya wanaopokewa. Mwenza mwenye viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, na masharti ya viza kwa ujumla yamekuwa yakibadilika haraka, kwa hiyo yasome kwenye ukurasa wa ubalozi wiki ile unayoomba badala ya kutegemea simulizi la aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Njia hii inamfaa kijana asiye na wategemezi wa karibu, mwenye shahada ya kwanza nzuri, ambaye bado hajajua kama moyo wake uko kwenye elimu ya kinga, ubongo au saratani, na anayeweza kuvumilia muda mrefu.

Ukiwa katika hali hii au ile

Kama una shahada ya kwanza na vitendo vyako vilikuwa vya darasani, nafasi ya mtafiti msaidizi kwa mwaka mmoja au miwili itayapa maombi yako mengine yote nguvu, hasa ikiwa utatoka na mdhamini anayeweza kuandika jinsi ulivyotatua PCR iliyokataa. Unaweza kuomba Marekani ukiwa humo humo kazini.

Kama una uzamili wenye tasnifu ya maabara na umri, familia au deni vinakudai mshahara mapema, zitazame kwanza Uholanzi na Sweden, kisha Ujerumani kwa asilimia 65 kwenda juu. Kama uzamili wako ulikuwa wa darasani bila tasnifu ya vitendo, utakataliwa mara nyingi huko, na ni afadhali kutafuta kwanza mkataba wa mradi nyumbani.

Kama tayari umeajiriwa na chuo cha umma, usiachie ajira hiyo kwa haraka. Zungumza kwanza kuhusu likizo ya masomo na mpango wa kwenda na kurudi, kwa kuwa kuipata tena ajira hiyo ukirudi na shahada ya nje hakuna uhakika, na shahada yenyewe itapaswa kutambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, au mamlaka husika ya Kenya kabla haijakupandisha cheo.

Kama swali lako linahitaji wagonjwa, mbu, mihogo au ng'ombe wa hapa, nafasi ya mradi wa nyumbani inakufaa kuliko jina kubwa la ng'ambo, ila usitie sahihi kabla ya kuona kwa maandishi fungu la gharama za utafiti na tarehe ya kuisha kwa ruzuku. Ikiwa ruzuku inaisha baada ya miezi 18 na uzamivu ni wa miaka minne, muulize mtafiti mkuu ameomba nini kingine na majibu yanatarajiwa lini. Anayejibu kwa uwazi, hata kama jibu ni kwamba bado anasubiri, ni mtu wa kufanya naye kazi.

Na kama umepata nafasi mbili kwa wakati mmoja, ratiba ndiyo itakayokubana. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji kujibu kuhusu ufadhili kabla ya Aprili 15, ilhali profesa wa Ulaya aliyekusaili Februari anaweza kutaka jibu ndani ya wiki mbili. Mwandikie kwa heshima, mwambie una ombi jingine linalosubiriwa, na uombe tarehe mahususi. Wengi hukubali wiki moja au mbili za ziada. Tumia siku hizo kuongea kwa video na mwanafunzi mmoja wa kila maabara, msimamizi wao asiwepo, na uwaulize wote wawili swali lile lile: mara ya mwisho jaribio lako liliposhindikana kwa miezi, msimamizi alifanya nini?